Heri Bastola Kubwa Kiunoni Kuliko Ndogo Mfukoni

Msimu wa pamba unapofika Ngulyati, kwetu mkoani Simiyu, fedha inapozunguka na wachuuzi wa ng'ombe wanapopita kuelekea minadani, mazungumzo ya usalama hayakosi kwenye vibanda vya chai. Yakifika kwenye bastola, hukumu huwa imeshatolewa kabla hoja haijaanza: mfanyabiashara anayeomba leseni achukue bastola ndogo. Kubwa ni ya askari. Kubwa ni ya uwanja wa shabaha. Raia anatafuta kitu cha kuingia mfukoni, kisichoonekana, kisichomsumbua kiunoni akiwa juu ya pikipiki akitoka Bariadi mjini. Wauzaji wanasema hivyo, wenye leseni wanasema hivyo, na hata wastaafu wa jeshi, ambao wangepaswa kubisha, wanaitikia.

Mimi nabisha. Kwa mtu ambaye amekwisha kuamua, na mamlaka zikamkubalia, kumiliki bastola moja ya kujilinda, bastola ya ukubwa kamili ndiyo inayomfaa, uwanjani na kiunoni pia. Na ile tabu ya kuibeba, ambayo ndiyo hoja kubwa ya wanaoikataa, mimi naihesabu miongoni mwa faida zake.

Ninaposema ukubwa kamili sizungumzii silaha ya ajabu. Nazungumzia Glock 17, iliyochaguliwa na jeshi la Austria mwaka 1982. Nazungumzia CZ 75 ya Chekoslovakia, au Beretta 92 ambayo jeshi la Marekani liliichukua mwaka 1985, au mzee wao wote, Browning Hi-Power ya mwaka 1935 kutoka Herstal, Ubelgiji, iliyoingia mikononi mwa majeshi mengi ya Jumuiya ya Madola. Zote hujipakia zenyewe: ukifyatua, sehemu ya juu inarudi nyuma, ganda linaruka nje, risasi nyingine inapanda kutoka kwenye magazini. Mtutu wake una sentimita 11 hadi 12 na nusu, mpini unajaza kiganja kizima, na magazini hubeba risasi kuanzia 13 hadi 17. Bastola ya mfukoni ina mtutu wa sentimita 7 hadi 9, risasi chache, na mpini mfupi kiasi kwamba kidole cha mwisho kinaning'inia hewani.

Rai hii ya bastola ndogo imetoka mbali, na huko ilikotoka ina mantiki yake. Katika majimbo mengi ya Marekani mtu ananunua bastola kubwa ya kufanyia mazoezi Jumamosi, kisha ananunua ndogo ya kubeba siku nyingine, na akipenda anaongeza ya tatu. Ushauri wa "ndogo ya kubeba" umezaliwa kwa watu ambao tayari wana kubwa nyumbani. Sisi tumeuchukua nusu. Hapa Tanzania tunaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, na chini yake kumiliki silaha ni ruhusa anayopewa mtu fulani kwa silaha fulani. Mwombaji anaanza kwa viongozi wa kijiji chake, watu wanaomjua kwa hasira zake na kwa unywaji wake, ndipo maombi yapande ngazi kuelekea polisi. Huo si mlango wa kupita mara tatu ili ukusanye bastola za kila kazi. Mtu wa Ngulyati akipata, atapata moja. Hiyo moja ndiyo atakayojifunzia, ndiyo atakayofanyia mazoezi, na siku ya balaa ndiyo itakayokuwa naye. Kwa hiyo swali la kwanza analopaswa kujiuliza ni bastola ipi itamfanya awe mlengaji. Ipi inafichika ni swali la baadaye.

Tuanze na alama za kulengea, maana hapo hesabu haina ubishi. Bastola ina alama mbili juu ya mtutu: pengo la nyuma na kidoko cha mbele. Unavyozipanga ndivyo risasi inavyokwenda. Chukua bastola ambayo alama hizo zimeachana sentimita 16, kisha kidoko cha mbele kiyumbe kwa milimita 1 tu wakati unafyatua. Kwenye shabaha iliyo mita 10 mbele yako risasi itakosea kwa sentimita 6 na robo. Sasa chukua ndogo ambayo alama zake zimeachana sentimita 10. Mkono ule ule, kosa lile lile la milimita 1, na risasi inakosea kwa sentimita 10. Na jicho linapata shida zaidi kuliona kosa hilo kwenye bastola fupi kuliko kwenye ndefu. Anayeanza kujifunza ana makosa mengi ya milimita 1 na zaidi. Kumpa silaha inayoyakuza makosa yake ni kumwonea.

Halafu kuna teke. Risasi ile ile ya milimita 9, ikitoka kwa kasi ile ile, inasukuma bastola nyuma kwa msukumo ule ule, iwe nzito au nyepesi. Lakini bastola yenye nusu ya uzito itarudi kwa kasi maradufu, na nishati inayoingia kiganjani itakuwa maradufu. Fizikia haimwonei huruma mwenye mkono mdogo wala mwenye haraka. Ongeza na mpini mfupi ambao vidole viwili tu, pengine viwili na nusu, ndivyo vinavyoushika, na utaelewa kwa nini bastola ya mfukoni humrukia mpigaji mpya usoni. Baada ya risasi chache anaanza kufumba macho kabla ya mlipuko na kuvuta mtutu chini kwa woga. Tabia hiyo ikishaingia mkononi, kuitoa ni kazi ya miezi.

Tena bastola ndogo ina springi ngumu, kwa sababu sehemu yake ya juu ni nyepesi na ina nafasi fupi ya kurudi nyuma. Mtu mzima mwenye vidole vya baridi yabisi huishia kuhangaika kuivuta. Na kifundo cha mkono kikilegea wakati wa kufyatua, bastola hizi hukwama kwa urahisi zaidi kuliko ndugu zao wakubwa, ganda likabanwa mlangoni badala ya kuruka.

Matokeo yake ni kwamba mwenye bastola ndogo hafanyi mazoezi. Inaumiza, haimpi raha ya kuona anaboresha shabaha, na inamvunja moyo. Atakwenda mara moja, atamaliza magazini mbili, atafuta mikono na kuifungia kabatini hadi siku ya kuhuisha leseni. Mwenye bastola kubwa anaweza kupiga risasi 50 kwa utulivu, akasikiliza mkufunzi, akaona matundu kwenye karatasi yakisogeleana. Kwa mtu wa Simiyu hili ni jambo zito, maana nafasi ya kufyatua risasi za mazoezi kihalali ni adimu. Huwezi kwenda nyuma ya shamba la pamba ukaanza kulenga makopo. Bariadi imepakana na nyika za hifadhi, na mlio wa bunduki porini una tafsiri moja tu machoni pa askari wa wanyamapori. Kijijini nao mlio huo unaamsha watu. Nafasi chache anazopata mtu kwenye uwanja uliosimamiwa zinapaswa kumfundisha kitu, na bastola inayofundisha ni ile inayotulia mkononi.

Nimesikia jibu la haraka: "Jambazi atakuwa hatua tatu mbele yangu, shabaha ya nini?" Jibu hilo linasemwa kwa kujiamini sana na watu ambao hawajawahi kuona jinsi mikono inavyotetemeka. Mwaka 2008 taasisi ya RAND ilichunguza mafunzo ya silaha ya polisi wa New York. Kati ya 1998 na 2006, askari waliokuwa wakirushiana risasi na wahalifu walilenga sawasawa kwa asilimia 18 tu ya risasi walizofyatua. Pale ambapo mhalifu hakurudisha risasi, walifikia asilimia 30. Hao ni watu wanaolipwa mshahara kubeba bastola, wenye viwanja, wakufunzi na risasi za bure. Tarehe 24 Agosti 2012, mbele ya jengo la Empire State katika mji huo huo, askari wawili walimfyatulia mtu mwenye silaha risasi 16 kwa karibu sana. Walimuua. Lakini wapita njia 9 walijeruhiwa na risasi za polisi na vipande vyake.

Sasa hamisha tukio hilo ulilete Usukumani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera kuacha silaha nyingi mikononi mwa wezi wa mifugo, vijiji vya Wasukuma na Wanyamwezi vilijipanga vyenyewe katika Sungusungu, kwa pinde, mishale na mwano, yaani ukelele wa kuomba msaada. Mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili kuwatambua. Msingi wa ulinzi ule haukuwa ukali wa mishale. Msingi ulikuwa kuitikana: mwano ukilia, kila mwanamume anatoka nyumbani kwake na kukimbilia unakotoka. Desturi hiyo haijafa. Ukivamiwa usiku Ngulyati na mkeo akapiga mwano, watu watakuja mbio kutoka pande zote, gizani. Risasi uliyoikosea itaelekea kwao. Huko mjini mtu akisikia bunduki anajifungia ndani, lakini kwetu jirani anakuja. Kwa sababu hiyo mtu wa kwetu anapaswa kuwa na shabaha kuliko mtu wa mjini, na anapaswa kuchagua silaha inayompa shabaha. Kwa maoni yangu hoja hii peke yake inatosha kuimaliza rai ya bastola ya mfukoni, na inanishangaza kwamba sijaisikia ikitajwa kwenye mabishano yetu.

Lipo pia suala la unene wa risasi, kwa sababu anayeshawishika kuchukua bastola kubwa mara nyingi hurukia upande wa pili na kutaka yenye risasi ya .45, "inayoangusha ng'ombe". Wamarekani walilipia somo hilo gharama kubwa. Tarehe 11 Aprili 1986 maofisa wawili wa FBI, shirika lao la upelelezi, waliuawa Miami katika mapambano na majambazi wawili, na lawama ikaangukia risasi ya milimita 9. Shirika likahamia milimita 10, ikawa kali mno kwa maofisa wengi, likashuka hadi .40. Mwaka 2014 idara yake ya mafunzo ikaandika kwamba warudi kwenye milimita 9: risasi za kisasa za unene huo zinafanya kazi sawa na zile nene, magazini inabeba nyingi zaidi, na, hili ndilo la kwetu, maofisa wanalenga vizuri na haraka zaidi nazo. Jeshi la Marekani nalo, lililobeba .45 tangu 1911, lilikwisha kuiacha mwaka 1985. Chukua milimita 9.

Nirudi kwenye kubeba, maana ndipo wapinzani wangu wanapojiona wako imara. Wanasema bastola ya ukubwa kamili haifichiki. Si kweli hata kidogo kwa mavazi yetu. Shati lililoachwa nje, au koti refu ambalo wachungaji na wachuuzi wengi wa ng'ombe huvaa hata jua linapochoma, linafunika Glock 17 bila dalili, mradi ipo ndani ya ala nzuri juu ya mkanda mgumu. Kinachoonyesha bastola ni mkanda laini na ala duni. Na sehemu inayosumbua kufichwa ni mpini, wala si mtutu, kwa sababu mtutu unashuka ndani ya suruali.

Lakini tuseme ni kweli inasumbua. Inalemea. Ukikaa kwenye kiti cha plastiki inakuchoma ubavuni. Ukipanda bodaboda lazima uipange. Vizuri. Mtu mwenye gramu 900 za chuma na risasi kiunoni hasahau kwamba amebeba silaha. Kabla ya kutoka nyumbani atajiuliza kama safari hii inaihitaji, na mara nyingi atajibu hapana na kuifungia kwenye kasha la chuma. Atakumbuka hawezi kwenda nayo kilabuni. Atalazimika kununua ala, maana bila ala haikai. Bastola ndogo haimuulizi mwenyewe swali lolote. Inaingia mfukoni pamoja na funguo na simu, inakwenda kwenye pombe, msibani, kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, na mwenyewe amesahau kama ipo hadi hasira zinapomkumbusha.

Mwaka 2008 mchezaji maarufu wa mpira wa Kimarekani, Plaxico Burress, aliingia klabu ya usiku New York na bastola aliyoichomeka tu kiunoni, bila ala. Iliteleza kuelekea mguuni, akajaribu kuidaka, akajifyatua pajani. Alihukumiwa kifungo cha miaka miwili kwa sababu hakuwa na kibali cha mji ule. Bastola yake haikuwa ya mfukoni, ila aliibeba kama ya mfukoni, na huo ndio mwenendo ambao silaha ndogo humzoesha mtu. Mfuko wa suruali hauzuii kifyatulio. Ala ngumu inakifunika chote. Yeyote anayekuuzia wazo kwamba bastola fulani ni nzuri kwa sababu haihitaji ala, muulize nini kitazuia ufunguo wako usiingie kwenye kifyatulio ukiwa juu ya pikipiki kwenye makorongo ya barabara ya mbugani.

Nakubali neno moja la upande wa pili, na nalikubali kwa moyo. Mikono si sawa. Wapo wanawake wanaofanya biashara ya nafaka na mifugo mkoani kwetu ambao mpini mnene utawazuia kufikisha kidole kwenye kifyatulio. Kwao CZ 75 au Beretta inaweza kuwa mzigo. Watengenezaji wamelitambua hilo: tangu mwaka 2010 Glock inatoa migongo ya mpini ya kubadilisha kulingana na kiganja, na wengine wanafanya vivyo hivyo. Ikishindikana, ipo saizi ya kati, kama Glock 19 iliyotoka mwaka 1988, yenye mtutu mfupi kwa zaidi ya sentimita moja tu na mpini unaoshika vidole vyote vitatu vya chini. Hapo ndipo mpaka wangu ulipo. Kidole cha mwisho kikishakosa pa kushika, tumerudi mfukoni.

Kuna pia wanaouliza: basi kama tukio lenyewe ni la nadra, kwa nini tuhangaike hivi? Tarehe 21 Septemba 2013 Abdul Haji, mfanyabiashara wa Kenya ambaye baadaye alikuja kuwa seneta wa Garissa, aliingia kwenye jengo la Westgate jijini Nairobi na bastola yake ya leseni, kwa sababu ndugu yake alikuwa amekwama ndani. Pamoja na askari wachache na raia wengine wenye leseni alisaidia kuwatoa watu huku magaidi wakiwa na bunduki za rashasha. Watu 67 waliuawa na magaidi hao. Wengi wetu hatutaiona siku kama ile, na naomba tusiione. Ila siku ya namna hiyo haimwulizi mtu aliomba leseni kwa ajili ya hatua tatu au hatua thelathini. Jengo lile lilikuwa na ghorofa na korido ndefu, watu walionaswa wakiwa wamejificha kila upande, na kazi ya mwenye bastola ilikuwa kutompiga hata mmoja wao.

Anayekwenda kununua apange fedha yake sehemu nne tangu mwanzo: bastola, ala na mkanda, kasha la chuma la kufungiwa ukutani au sakafuni, na risasi za mazoezi pamoja na ada ya mkufunzi. Kama fedha inatosha bastola peke yake, asubiri msimu ujao. Wakati anasubiri, mauzo ya ng'ombe ayapokee benki au kwenye simu, jambo ambalo limepunguza hatari ya safari kuliko bastola yoyote ninayoijua.

Na akiwa mbele ya muuzaji, asitazame rangi. Aombe magazini itolewe na chemba ifunguliwe, aone kwa macho na kugusa kwa kidole kwamba ni tupu. Aielekeze pale muuzaji atakapomwonyesha kuwa ni salama, kidole kikiwa nje ya kifyatulio. Aishike kwa mikono miwili, afumbe macho, aishushe, kisha aiinue hadi usawa wa uso kana kwamba analenga. Afumbue. Kama kidoko cha mbele kimesimama katikati ya pengo la nyuma bila yeye kukisogeza, mpini huo umeumbwa kwa ajili ya mkono wake. Kama kimeelekea pembeni, au kimepanda juu, arudie mara mbili tatu, kisha aombe nyingine, hata kama muuzaji ameshaanza kuandika stakabadhi.